Ibada, kengele na salamu ya mkono: Jinsi shule ya Kiepiskopali inavyolea wanafunzi Marekani

SIKU nne kwa juma, kabla ya somo la kwanza kuanza, wanafunzi wapatao 380 wa Shule ya Groton katika jimbo la Massachusetts, Marekani, huacha mabweni yao asubuhi na kuelekea kanisani pamoja na walimu wao. Ibada yenyewe ni fupi. Wimbo huimbwa, sala husomwa, kisha mtu mmoja hupanda mimbarini na kuzungumza kwa dakika chache. Mara nyingi anayepanda ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kijana ambaye nyumbani kwao angali anaitwa mtoto.

Mada huwa ni chaguo lake. Yupo atakayesimulia kifo cha babu yake, yupo atakayeeleza jinsi wazazi wake walivyoingia Marekani mikono mitupu, na yupo atakayeizungumzia imani aliyo nayo au aliyoipoteza. Wadogo zake wa miaka 13 na 14 humsikiliza wakijua kwamba zamu yao nao itafika. Kwa msomaji aliyesomea shule ya bweni humu nchini, ambako gwaride la asubuhi lilikuwa la matangazo na majina ya waliochelewa, jambo hili halikosi kustaajabisha: kwamba saa rasmi ya shule inaweza kukabidhiwa mwanafunzi azungumze naye mwalimu mkuu asikilize.

Ibada hiyo ndiyo mhimili wa maisha ya Groton, na ndiyo pia kitendawili chake. Shule ilifunguliwa mwaka wa 1884 kwa ajili ya wavulana weupe wa familia tajiri za Boston na New York. Leo viti hivyo hivyo vinakaliwa na Wakristo, Wayahudi, Waislamu, Wahindu na wasio na dini yoyote, wavulana kwa wasichana, wa rangi zote, wengine wakisomeshwa pasipo wazazi wao kulipa karo. Swali ambalo shule imekuwa ikijaribu kulijibu kwa zaidi ya nusu karne ni iwapo vazi la udugu lililokatwa kwa kipimo cha wachache linaweza kuwatosha wengi.

Kwanza, neno lenyewe. Jina la Kanisa la Kiepiskopali limetokana na neno la Kigiriki episkopos, yaani mwangalizi au msimamizi. Neno hilo hilo lilipita katika Kiarabu na kutupatia sisi neno askofu. Kwa hivyo, anayesema shule ya Kiepiskopali amesema tu shule ya kanisa linaloongozwa na maaskofu, na kanisa hilo ni la Waanglikana wa Marekani. Kabla ya uhuru wa nchi hiyo walikuwa chini ya Kanisa la Uingereza. Baada ya vita vya uhuru haikuwezekana tena kwa makasisi wao kuapa utiifu kwa mfalme wa Uingereza, nao wakajiundia kanisa lao lenye katiba yake mwaka wa 1789. Ni dada, basi, wa Kanisa la Kianglikana la Kenya, ambalo lilipata kuwa jimbo lenye askofu mkuu wake mwaka wa 1970.

Dada hawa wamekosana. Mnamo mwaka wa 2003, dayosisi ya New Hampshire, iliyopakana na Massachusetts, ilimweka wakfu Gene Robinson kuwa askofu, mtu aliyekuwa akiishi waziwazi na mwanamume mwenzake. Kanisa la Kenya, wakati huo likiongozwa na Askofu Mkuu Benjamin Nzimbi, lilikuwa miongoni mwa makanisa ya Afrika yaliyopinga vikali hatua hiyo, na Agosti 2007 makasisi wawili Wamarekani waliwekwa wakfu kuwa maaskofu jijini Nairobi ili wawachunge Wamarekani waliojitenga. Wakenya wengi wanalijua Kanisa la Kiepiskopali kupitia ugomvi huo pekee.

Shule ni sura yake nyingine. Zipo mamia kadhaa kote Marekani, nyingi zikiwa za kutwa au za chekechea, na chache tu ndizo za bweni. Shule za namna ya Groton hujitegemea: zina bodi zao, hukusanya fedha zao na kuajiri walimu wao wenyewe. Uhusiano wao na kanisa huonekana katika mambo matatu: kasisi anayeishi na wanafunzi, kanisa lililojengwa katikati ya uwanja, na ibada isiyokwepeka.

Mwanzilishi wa Groton, Endicott Peabody, alizaliwa mwaka wa 1857 katika ukoo wa wafanyabiashara wa Massachusetts. Baba yake alipohamia Uingereza kwa shughuli za benki, kijana huyo alisomea shule ya bweni ya Cheltenham, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliporejea Marekani aliijaribu kazi ya fedha, akaiacha, akaingia chuo cha theolojia. Mwaka wa 1882, kabla hata ya kumaliza masomo hayo, alitumwa kuhudumu kwa miezi kadhaa Tombstone, Arizona, mji wa wachimba fedha ambao watazamaji wa filamu za kizamani wanaujua kwa mapigano ya bastola. Huko alichangisha pesa hadi kwenye vilabu vya kamari na kujenga kanisa. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 27, alifungua shule yake katika mji mdogo wa Groton, yapata kilomita 60 kutoka Boston. 

Alichokileta kutoka Uingereza ni mtindo wa shule ambao Wakenya hawahitaji kuelezwa: vidato, viranja, michezo ya lazima, maji baridi na kanisa. Carey Francis, mwalimu wa hisabati aliyefika Maseno mwaka wa 1928 na kuiongoza Alliance kuanzia 1940 hadi 1962, alitoka Cambridge hiyo hiyo. Mito miwili, chemchemi moja. Hata hesabu ya madarasa inafanana na yetu ya zamani: Groton huanza na kidato cha pili na kuishia cha sita, kama wanavyokumbuka Wakenya waliosoma kabla ya kidato cha sita kuondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Maisha ya mwanzo yalikuwa magumu kwa makusudi. Peabody aliamini kwamba utajiri huwalegeza watoto, na akaazimia kuwanyima raha walizozizoea nyumbani. Kila mvulana alilala katika kijichumba kisicho na mlango, pazia tu likimtenga na ushoroba. Aliamshwa alfajiri na kuoga maji baridi. Alipewa senti 25 za matumizi kwa juma, na tano kati ya hizo zilikuwa za sadaka ya Jumapili. Mtoto ambaye baba yake alimiliki reli alikuwa na senti 20, sawa na jirani yake.

Na kila usiku, kabla ya kulala, wavulana wote walipanga mstari na kupita mbele ya mwalimu mkuu na mkewe, wakawapa mkono na kuwatakia usiku mwema mmoja mmoja. Ni desturi ndogo, lakini ina hesabu yake. Mwalimu anayemshika kila mwanafunzi mkono kila usiku na kumtazama usoni hawezi kukaa juma zima pasipo kujua kwamba fulani ana homa, fulani amelia, fulani anakwepa macho. Desturi hiyo haikufa. Hadi leo wanafunzi wa Groton huwapa mkono walezi wa mabweni yao wanapoagana usiku.

Mwanafunzi mashuhuri kuliko wote aliyepita katika mstari huo ni Franklin Delano Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Alifika Septemba 1896 akiwa na umri wa miaka 14, ilhali wenzake wengi walikuwa wameingia wakiwa na miaka 12 na walikwisha kufanya urafiki. Hakuwa mchezaji hodari. Katika timu ya besiboli kazi yake ilikuwa kutunza vifaa na kupanga safari. Alijiunga na chama cha wanafunzi cha huduma za kidini, ambacho, pamoja na kazi nyingine, kiliendesha kambi ya likizo kwa wavulana maskini wa mjini kando ya ziwa huko New Hampshire. Wana wa matajiri waliwapikia, waliwafunza kuogelea na kulala nao kambini.

Mwaka wa 1905 Peabody ndiye aliyemfungisha Roosevelt ndoa na Eleanor. Machi 4, 1933, siku Roosevelt aliyoapishwa kuwa rais, Peabody alisaidia kuongoza ibada jijini Washington kabla ya kiapo. Si kwamba mzee huyo alikuwa mfuasi wake kisiasa. Katika uchaguzi wa 1932 alimpigia kura mpinzani wake, Herbert Hoover. Roosevelt alipoanza kuwatoza matajiri kodi ili kuwapa kazi wasio na kazi, wengi waliosoma naye Groton walimwona msaliti wa tabaka lake. Peabody alimtetea. Hapa ndipo palipo na kejeli ya shule hii: ilihubiri utumishi kwa miaka mingi, na mhitimu wake mmoja alipolichukulia neno hilo kwa uzito wa sera za nchi, wenzake waliosikia mahubiri yale yale wakamgeuka.

Jina lile la Roosevelt lilifika pwani ya Kenya pia. Kermit Roosevelt, mwana wa Rais Theodore Roosevelt, alimaliza Groton mwaka wa 1908, na mwaka uliofuata aliteremka Mombasa pamoja na baba yake katika safari ya uwindaji iliyopita bara hadi Sudan na kuwajaza wanyama waliokaushwa makavazi ya Washington. Theodore alikuwa rafiki wa Peabody, na mara kadhaa alikwenda Groton kuwahutubia wavulana kuhusu wajibu wa kuingia katika siasa na kuisafisha.

Sura nyingine ya udugu huo haikuwa ya kupendeza. Wavulana wakubwa walikuwa na ruhusa isiyoandikwa ya kumwadhibu mdogo aliyeonekana kuwa na kiburi au tabia isiyofaa. Alikunjwa na kusukumizwa ndani ya kabati la viatu, au aliburutwa hadi msalani na kumiminiwa maji usoni mpaka akahisi kwamba anazama. Viranja walijua. Walimu hawakuuliza sana. Mtu akisoma habari hizi leo humjia mara moja akilini hadithi za "monolizesheni" katika shule za bweni za Kenya, ambako kidato cha kwanza kilikuwa mwaka wa mateso, na ambako pia ilisemwa kwamba ndivyo mtu anavyokomazwa.

Aidha, lango lilikuwa jembamba. Wapo wazazi walioandikisha watoto wao wa kiume Groton siku chache baada ya kuzaliwa. Mwafrika-Mmarekani wa kwanza hakupokelewa mpaka mapema katika miaka ya 1950, chini ya John Crocker, kasisi aliyemrithi Peabody mwaka wa 1940 baada ya mwanzilishi huyo kuhudumu kwa miaka 56. Baadhi ya wahitimu wa zamani walinung'unika, lakini Crocker hakurudi nyuma. Mwezi Aprili 1965, Martin Luther King alipoongoza maandamano jijini Boston dhidi ya ubaguzi katika shule na makazi, Crocker alikwenda kuandamana pamoja na mkewe na kundi kubwa la wanafunzi wake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, ukoo wa mwanzilishi wenyewe ulikuwa umeingia magazetini kwa sababu kama hiyo. Mary Peabody, mke wa mwana wa Endicott aliyekuwa askofu, na mama wa gavana wa Massachusetts wa wakati huo, alisafiri hadi St. Augustine, Florida, akiwa na umri wa miaka 72. Aliketi mezani pamoja na wanawake weusi katika hoteli iliyowakataza watu weusi, akakataa kuondoka, akatiwa mbaroni na kulala korokoroni. Gavana mtoto wake alipigiwa simu na wanahabari kuulizwa kama alijua mama yake yu jela.

Wasichana walianza kupokelewa mwaka wa 1975. Vijichumba vya pazia vilikwisha kupitwa na wakati, na maji baridi hali kadhalika.

Ila si kila kovu ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya wanafunzi walidai kwamba walidhulumiwa kingono na wanafunzi wenzao bwenini. Mwaka wa 2005 shule ilikiri mahakamani kosa la kutoripoti kwa mamlaka malalamiko ya mwanafunzi kama sheria ya Massachusetts inavyotaka, ikatozwa faini. Shule kadhaa nyingine za bweni za Marekani, za Kiepiskopali na zisizo za Kiepiskopali, zilikuja kukumbwa na kashfa za namna hiyo katika miaka iliyofuata. Somo lake halipaswi kupitwa haraka. Jamii iliyoshikamana sana huweza kuwa ngao ya mtoto, na huweza pia kuwa ukuta unaozuia kilio chake kisitoke nje. Salamu ya mkono ya kila usiku haikutosha. Ilihitajika sheria ya nchi, na mwanafunzi aliyekuwa tayari kuonekana msaliti.

Ndiyo maana mimbari ile ya asubuhi ina uzito kuliko inavyoonekana. Ni mahali ambapo mwanafunzi anaweza kusema hadharani lisilosemwa bwenini, na shule nzima ikalisikia kwa wakati mmoja. Haimaanishi kwamba kila hotuba ni ya kishujaa. Nyingi, bila shaka, ni za kawaida: shukrani kwa mwalimu, mkasa wa kuchekesha wa safarini, mapenzi ya mchezo fulani. Lakini zoezi lenyewe la kuandika jambo la kweli kuhusu nafsi yako na kulisoma mbele ya watu 400 wanaokujua ni mtihani ambao hakuna baraza la mitihani linaloweza kuutunga.

Baada ya kanisa, siku huenda mbio. Madarasa ni madogo, na hata Jumamosi kuna masomo. Alasiri ni ya michezo: kandanda, mpira wa magongo, tenisi, kupiga makasia katika mto Nashua. Majira ya pukutizi hufikia kilele kwa mpira wa Kimarekani dhidi ya St. Mark's, shule nyingine ya Kiepiskopali ya Massachusetts, ushindani ulioanza mwaka wa 1886. Wanafunzi huandika na kuhariri gazeti lao, The Circle Voice, ambalo jina lake linatokana na uwanja wa mviringo ulio katikati ya majengo. Uwanja huo ulipangwa kwa msaada wa Frederick Law Olmsted, mbunifu wa bustani kuu ya New York. Majengo yote makuu yanautazama, hivi kwamba ni vigumu kutoka bwenini kwenda popote pasipo kukutana na mtu. Upo pia mkupuo mmoja unaopendwa na wanafunzi wote: siku ya mapumziko isiyotangazwa mapema, ambapo mwalimu mkuu hufuta masomo ghafla na kila mtu kushangilia.

Kati ya shughuli zote, hata hivyo, hakuna inayoeleza maisha ya pamoja ya shule hiyo vizuri kuliko upigaji wa kengele. Mnara wa kanisa una kengele kumi zilizofungwa kwa mtindo wa Kiingereza, kila moja ikizunguka juu ya gurudumu na kuvutwa kwa kamba na mtu mmoja. Kengele za namna hiyo ni nzito mno kuweza kupiga muziki wa kawaida. Ikishavutwa, huwezi kuiharakisha ikalia utakapo. Kinachowezekana ni kubadilisha zamu kidogo kidogo: inayolia ya tatu safari hii hulia ya pili safari ijayo, na jirani yake akampisha.

Hapo ndipo hisabati inapoingia. Kengele tatu zinaweza kupangwa kwa mifuatano 6, nne kwa 24, nane kwa 40,320. Mwaka wa 1963, wapigaji wanane mjini Loughborough, Uingereza, waliimaliza mifuatano yote ya kengele nane pasipo kurudia hata mmoja, wakatumia karibu saa 18. Kengele kumi za Groton zina mifuatano 3,628,800, na kwa kasi ile ile kazi hiyo ingechukua zaidi ya miezi miwili usiku na mchana. Hakuna anayejaribu. Wanafunzi hujifunza vipande vifupi, kwa kukariri na kwa kusikilizana, kwa kuwa hakuna karatasi mkononi wala kiongozi anayeonyesha kwa fimbo. Anayekosea husikika kote uwanjani, na anayetaka kujionyesha huwaharibia wote tisa. Haijalishi ni mwana wa nani anayevuta kamba.

Suala la ni mwana wa nani limerudi kwa sura ya fedha. Karo ya Groton katika miaka ya karibuni imekuwa takriban dola 60,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya Sh7.5 milioni. Yapata wanafunzi wanne kati ya kumi hupata msaada wa karo. Mwaka wa 2007 shule ilitangaza kwamba familia zenye mapato ya chini ya dola 75,000 kwa mwaka hazitalipa karo. Hatua hiyo iliwafaa maskini waliobahatika kuchaguliwa, na matajiri hawakuhitaji kufaiwa. Waliopotea ni wa katikati: watoto wa walimu, wauguzi, polisi na wenye maduka madogo, ambao mapato yao yalizidi kiwango cha msaada lakini hayakukaribia kulipa ada hizo.

Aliyelivalia njuga jambo hilo ni Temba Maqubela, mwalimu wa kemia aliyezaliwa Afrika Kusini, akaikimbia nchi yake wakati wa ubaguzi wa rangi, akasomea Ibadan nchini Nigeria kabla ya kuhamia Marekani. Alianza kuongoza Groton mwaka wa 2013. Mwaka uliofuata shule ilizindua mpango ulioitwa GRAIN, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya nafaka. Nafasi za wanaohitaji msaada ziliongezwa, karo ikagandishwa kwa miaka kadhaa wakati shule za kiwango chake zilikuwa zikiipandisha, na pengo likazibwa kwa michango ya wahitimu na marafiki wa shule. Groton, iliyokuwa miongoni mwa shule ghali zaidi za aina yake, ikashuka hadi miongoni mwa zenye nafuu. Nafuu ya dola 60,000, msomaji atasema, na atakuwa na haki.

Ikumbukwe pia kinachowezesha haya yote. Groton ina hazina ya mamia ya mamilioni ya dola iliyowekezwa, na faida yake hulipia sehemu kubwa ya gharama. Hazina hiyo ilijazwa na vizazi vya wale wale waliokuwa wakiandikisha watoto wao wakingali wachanga. Kwa hivyo mlango unafunguliwa kwa fedha za waliokuwa wameufunga. Wakosoaji husema huko ni kupaka rangi ngome ya matajiri, kwamba watoto wachache wa wanyonge wanachukuliwa ili wajifunze kuzungumza kama wakubwa. Watetezi huwataja wanafunzi wenyewe na kusema waulizwe wao. Yote mawili yana ukweli, na shule yenye miaka 140 haiwezi kudai kwamba imekwisha kulitatua tatizo ambalo nchi yake yote imeshindwa kulitatua.

Kuhusu dini, mvutano ni wa upole zaidi lakini upo. Mwanafunzi Mwislamu au Mhindu huketi kanisani asubuhi kama wengine. Halazimishwi kukiri imani wala kupokea komunyo, ila halazimiki pia kuificha dini yake: anapopata zamu ya mimbari anaweza kuzungumza kuhusu Ramadhani au Diwali akiwa amesimama chini ya madirisha ya vioo vyenye picha za watakatifu. Mwezi Desemba shule nzima, pamoja na wakazi wa mji, hujaa katika kanisa hilo la mawe lililokamilika mwaka wa 1900 kwa ibada ya masomo na nyimbo za Krismasi. Wapo wanaojiuliza kama Ukristo wa shule umebaki kuwa muziki mzuri na majengo. Wapo wengine, wakiwemo wazazi wasio Wakristo, waliowapeleka watoto wao huko kwa sababu hiyo hiyo: wanataka mahali ambapo mtoto atakaa kimya kwa muda kila siku, bila simu, akimsikiliza mtu mwingine.

Kaulimbiu ya shule ni ya Kilatini, na humtaja Mungu ambaye kumtumikia ni kutawala. Kwa wavulana wa 1884 kutawala lilikuwa jambo la hakika, walizaliwa nalo. Ilibidi wafundishwe nusu ya kwanza. Kwa msichana aliyekuja kwa msaada wa karo, ambaye mama yake anafanya kazi zamu mbili, kutumikia si jambo geni hata kidogo, na nusu anayohitaji kufundishwa ni ile ya pili.

Ndani ya jengo la madarasa, kuta zimefunikwa mbao zilizochongwa majina ya wahitimu, mwaka baada ya mwaka. Roosevelt yumo pamoja na wenzake wa 1900. Katika mbao za kwanza ukoo mmoja hujirudia mara nyingi, baba, mwana na mjukuu. Katika zile za karibuni majina ni ya kila lugha, na anayeyasoma kwa sauti hulazimika kusita mara kwa mara kutafuta matamshi.